Taa Imewaka, Tairi za Mbele Zimelala

"Mzee, za mbele zimelala."

Utingo wangu alikuwa amechuchumaa kwenye tope, mkono mmoja kwenye bampa, anachungulia uvunguni. Mimi nilikuwa ndani, mguu kwenye mafuta, naitazama kwenye dashibodi taa ndogo ya fowili, ile ya tairi zote nne kuvuta. Inawaka. Gia ndogo iko H4. Habu zote mbili nilizifunga kwa mkono wangu kabla hatujaiacha barabara ya changarawe. Na bado tairi za nyuma zilikuwa zinachimba peke yake, za mbele zimetulia kama gari limeegeshwa sokoni.

Ilikuwa masika, kwenye mbuga za Simanjiro, katika ule udongo mweusi wa mfinyanzi ambao kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mkono, na mvua ikinyesha hugeuka gundi. Nyuma tulibeba maboksi manne ya chanjo ya sotoka ya mbuzi na kondoo, yamejazwa barafu. Huko bomani wafugaji walikuwa wamezuia mbuzi zizini tangu alfajiri, hawajala. Saa tano ilipofika, daktari wa mifugo tuliyekuwa naye alifungua boksi moja, akaishika barafu, akalifunga bila kusema neno. Ukimya ule ninao hadi leo.

Vijana wa boma walikuja na majembe na matawi ya mgunga, tukatoka saa tisa alasiri. Maboksi mawili daktari aliyakataa.

Gari lenyewe ni Land Cruiser HZJ75, mkonga wa zamani, injini ya 1HZ ya silinda 6 na lita 4.2. Ni gari ninalolipenda, na sikuwa na la kulilaumu. Uzembe wa kutolikagua ulikuwa wetu. Magari ya umri huu bado yanabeba wagonjwa, walimu na chanjo hadi mahali ambapo basi halifiki, na madereva wengi hatukuwahi kuonyeshwa nguvu inafikaje tairi za mbele. Mimi nilionyeshwa baada ya kukwama.

Nguvu inatoka kwenye injini, inapita giaboksi, inaingia transfa. Gia ndogo ikiwa H2, transfa inapeleka nguvu nyuma tu. Ikiwa H4, inaifunga propela ya mbele na ya nyuma zizunguke kwa mwendo mmoja. Propela ya mbele inaingia kwenye difu, difu inaugawa mzunguko kwa shafti mbili, na mwisho wa kila shafti, katikati ya tairi, kuna habu iliyoandikwa FREE na LOCK. Kwenye FREE tairi inazunguka na kuiacha shafti imelala. Kwenye LOCK, pete yenye meno ndani ya habu inasogea na kuzifunga tairi na shafti pamoja.

Sasa ile taa: swichi yake iko kwenye transfa. Inajua kwamba gia imesogea. Habari za habu hainazo kabisa.

Lakini jambo lililonishangaza zaidi ni hili. Difu ya kawaida hupeleka mzunguko upande usio na ubishi. Habu ya kulia isiposhika, shafti ya kulia inazunguka bure ndani, na tairi ya kushoto, ambayo habu yake ni nzima, haipati kitu. Nilidhani habu moja ikifa nabaki na nusu ya fowili. Kumbe nabaki mtupu, labda gari liwe na loki ya difu ya mbele.

Tulipofika mjini, gereji moja ilisikiliza hadithi yetu dakika mbili ikasema transfa imekwisha, ishushwe. Hakuna aliyeinama kuangalia. Nilikataa, nikaenda kwa fundi mzee anayefanya kazi chini ya mti, akaniambia, "Mwanangu, transfa tutaishusha mwisho. Kwanza tuiulize tairi."

Alitafuta sakafu ngumu ya tambarare, akazizuia tairi za nyuma kwa magogo, mbele na nyuma. Gia ndogo akaweka H4, habu zote LOCK. Akapiga jeki tairi ya kushoto ya mbele tu hadi ikaachana na ardhi, kisha akaishika kwa mikono miwili na kuizungusha. Gari likiwa zima, tairi hiyo hucheza kidogo tu, kama meno yanatafutana, halafu inagoma. Yetu ilizunguka.

"Lala chini uangalie propela ya mbele," akaniambia. Kama propela inazunguka, basi transfa haijashika, au vyuma vinavyounganisha gia ndogo na transfa vimelegea na gia haifiki mwisho. Propela ilikuwa imetulia tuli. Transfa nzima! Ningelipa pesa ya bure.

Akainua na tairi ya kulia, akaweka stendi. Akaizungusha ya kushoto tena. Mkononi ilikuwa na uzito, na ndani nikasikia shafti ikisaga grisi. Tairi ya kulia ilipaswa kuzunguka kinyume, nayo haikusogea. Akaenda upande wa kulia, akaisukuma kwa kidole kimoja. Ikazunguka nyepesi, bila sauti wala uzito. "Huyu hapa," alisema.

Alifungua zile bolti sita ndogo za kifuniko cha habu. Ndani grisi ilikuwa imejazwa hadi juu, imekauka rangi ya chokoleti, na chini yake kutu ya maji ya mito. Kitufe cha nje kiligeuka hadi LOCK vizuri kabisa, lakini pete ya meno ilibaki imeganda pale pale. Springi haikuwa na nguvu ya kuisukuma ndani ya hiyo lami. Aliosha kila kitu kwa dizeli, akakausha, akapaka grisi nyembamba. Habu hupakwa, haijazwi. Kazi yote ilikwisha kabla ya adhuhuri.

Mwenye gari kama Hilux Surf aanze kwingine, kwa sababu mengi ya hayo hayana habu za kufunga kwa mkono. Kinachounganisha mbele kiko kwenye difu yenyewe, nacho huvutwa kwa vakyumu inayotokana na injini. Taa ya fowili ikipepesa bila kutulia, fuata vimipira vyembamba vya vakyumu kutoka kwenye injini hadi kwenye difu, uvikunjekunje. Kimoja kilichopasuka kwa joto kinatosha kukunyima fowili.

Na kuna ugonjwa usio ugonjwa. Umefunga H4 kwenye lami kavu, umekata kona mbili tatu, sasa gia ndogo haitoki. Kwenye kona tairi za mbele hutembea njia ndefu kuliko za nyuma, na propela zimefungwa pamoja, kwa hiyo vyuma vimekazana. Usiipige gia kwa ngumi wala nyundo. Nyoosha usukani, rudi nyuma taratibu mita kadhaa, itaachia.

Siku hizi nafunga habu kilometa chache kila mwezi, kwenye vumbi, ili oili ya difu ya mbele ifike juu na pete zisisahau kazi. Na kila Februari, kabla ya masika, tunapiga jeki. Mwaka huu utingo ndiye aliyeishika tairi ya kushoto. Aliivuta, akakaza meno, akaegemea kwa kifua. Haikuzunguka.

"Mzee, inagoma," alisema.

Nikamwambia ashushe jeki, tukapakie barafu.