Ubishi wa Filamu Barazani na Kijiweni

Katika miji ya Afrika Mashariki, kutazama filamu ni nusu tu ya starehe. Nusu ya pili huja baadaye, barazani, kijiweni, saluni au kwenye benchi la muuza kahawa, walioiona wanapokutana na kuanza kubishana: nani kacheza vizuri, nani kaonewa, nani alistahili kufa, na kama shujaa wa picha hii angekutana na wa ile, nani angemshinda mwenzake. Ubishi huo una umri wa zaidi ya nusu karne, na una msamiati na kanuni zake. Wanaouita porojo za vijana wasio na kazi wanakosea. Maelfu ya watu ambao hawakuwahi kusoma uhakiki wa kitabu chochote wamejifunzia hapo kutoa hoja, kuitetea kwa ushahidi na kuhukumu mwenendo wa binadamu bila kumvunjia jirani heshima, kwa kuwa anayehukumiwa yuko kwenye pazia.

Mila hii ilianzia kwenye majumba ya sinema. Unguja ilikuwa na jumba la Royal tangu mwaka 1921, lililoungua na kujengwa upya katika miaka ya 1950 kwa jina la Majestic, pale Vuga. Dar es Salaam ilikuwa na Empire, Avalon, Odeon na mengineyo. Mombasa ilikuwa na Majestic yake, Regal na Naaz. Picha za Kihindi ndizo zilizotawala, hasa Jumapili, siku ambayo familia nzima ilivaa vizuri na kutoka. Unguja palikuwa pia na maonyesho ya wanawake peke yao, yaliyoitwa zanana, ambayo yaliwapa akina mama nafasi ya kuona picha na kuijadili wao kwa wao pasipo mwanamume kuwakatiza. Tiketi zilipoadimika walanguzi walizipandisha bei nje ya mlango, na si kila mtu alimudu. Aliyeingia alirudi nyumbani na deni la kuwahadithia waliobaki.

Kuhadithia picha kulikuwa na ustadi wake. Msimulizi alianza na majina ya wachezaji, akaeleza nani ni nani, kisha akaenda na kisa hatua kwa hatua, akiimba nyimbo pale zilipokuja ingawa hakujua maana ya maneno yake. Nyimbo hizo zilizama hata ndani ya taarab, ambamo tuni kadhaa za filamu za Kihindi zilivikwa mashairi ya Kiswahili. Msimulizi aliyeruka kipande alirudishwa na mwingine aliyeiona picha hiyohiyo, na ubishi ukaanzia hapo: kama mama alilia kabla ya kufukuzwa au baada, kama kisu kilikuwa mkono wa kulia au wa kushoto. Kumbukumbu ndiyo iliyompa mtu cheo barazani.

Filamu iliyokaa muda mrefu zaidi vinywani mwa kizazi hicho ni Awara ya mwaka 1951, ya Raj Kapoor na Nargis. Hakimu anamtia hatiani mtu asiye na kosa kwa sababu tu baba yake alikuwa jambazi. Mtu huyo anageuka jambazi kweli na kumteka mke wa hakimu kwa kulipiza kisasi. Mke anaporudi mjamzito, hakimu anamfukuza kwa kumshuku. Mtoto anakulia katika mitaa ya kimaskini ya Bombay na anakuwa mwizi, akifundishwa wizi na jambazi yuleyule. Kwa Waswahili, kisa hiki kiligusa methali mbili zinazopingana. Waliomwelewa hakimu walisema mtoto wa nyoka ni nyoka. Waliompinga walijibu kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na aliyemnyima mtoto mafunzo ya nyumbani ni baba mwenyewe. Tena aliyecheza hakimu alikuwa Prithviraj Kapoor, baba mzazi wa Raj Kapoor aliyecheza mwana huyo, na mjuzi aliyeifahamu habari hiyo aliitoa kwa wakati wake, kama mtu anayetupa karata kubwa mezani.

Katika ubishi huu neno lenye uzito kuliko yote ni stelingi. Stelingi ndiye mhusika mkuu, yule ambaye mtazamaji hufuatana naye tangu mwanzo hadi mwisho. Mkabala wake yupo adui, na kila upande una wapambe wake. Kutokana na picha nyingi zilizotazamwa, watazamaji walijitungia sheria. Stelingi hafi. Akipigwa mwanzoni, amepigwa ili apate sababu ya kulipiza. Wapambe wa adui hufa kwanza, na adui mkuu huwekwa akiba ya mwisho. Rafiki wa stelingi akionekana mwenye furaha kupita kiasi, hana siku nyingi. Kwa sheria hizi mtazamaji mzoefu alitabiri kitakachotokea, na utabiri wake ukitimia alijigamba hadi nje ya mlango.

Kisha akaja mchezaji wa Kihindi, Amitabh Bachchan. Mwaka 1975 zilitoka Sholay na Deewaar, na katika zote mbili alikufa. Katika Deewaar ndugu wawili wanaachana njia, mmoja akiwa mhalifu tajiri na mwingine polisi. Polisi ndiye anayempiga risasi kaka yake, na kaka anafia mikononi mwa mama. Katika Sholay, Jai wa Amitabh anabaki nyuma kuzuia majambazi wakati mwenzake Veeru, yaani Dharmendra, anakimbilia msaada. Walikuwa wameamua kwa kurusha sarafu, na baada ya kifo cha Jai ndipo Veeru anapogundua kwamba sarafu ilikuwa na sura moja pande zote mbili.

Sheria ya stelingi ikaingia majaribuni. Kundi moja lilishikilia kwamba stelingi hafi, hivyo stelingi wa Sholay ni Dharmendra, aliyebaki hai na kumpata msichana. Kundi la pili lilimtaja Thakur aliyechezwa na Sanjeev Kumar, aliyekatwa mikono na Gabbar Singh na ambaye kisasi ni chake: bila yeye hakuna kisa. Kundi la tatu, ambalo ndilo lenye hoja nzito zaidi, lilisema sheria yenyewe ndiyo iliyokosewa. Stelingi hutambuliwa kwa thamani ya alichokitoa, na aliyejua mapema kwamba sarafu ingemchagua yeye ndiye mkubwa wao. Hoja hii ilikuwa hatua kubwa ya fikra, nayo haikutoka darasani. Ilipatikana kwa watu kulazimika kutetea mapenzi yao kwa mchezaji mbele ya wapinzani wenye kumbukumbu kali.

Kwa Deewaar swali lilikuwa gumu zaidi: je, mama alifanya haki kumwacha mwana aliyemtajirisha na kwenda kuishi na mwana polisi asiye na kitu? Mara nyingi hapa wazee waliongea na vijana wakasikiliza. Kila mtu alikuwa na ndugu, na kila nyumba ilikuwa na mtoto anayeleta fedha ambazo hazikuulizwa zimetoka wapi. Hakuna aliyetaja jina la jirani, na hakuna aliyehitaji kulitaja.

Ubishi ulivuka hata mipaka ya picha zenyewe. Julai 1982 Amitabh aliumia vibaya tumboni wakati wa kupiga picha za Coolie, akawa mahututi. Filamu ilipotoka mwaka 1983, picha ilisimamishwa kwa muda katika tukio lile ili mtazamaji aone pigo lenyewe, na mwisho wa kisa ulikuwa umebadilishwa: mhusika aliyekusudiwa kufa aliachwa hai. Wafuasi wa sheria ya zamani walipata ushindi wao hapo, ingawa kwa sababu iliyotoka nje ya hadithi.

Upande wa picha za ngumi, mfalme alikuwa Bruce Lee. Alifariki Hong Kong tarehe 20 Julai 1973, kabla filamu yake Enter the Dragon haijaanza kuonyeshwa, na kwa miaka mingi walikuwepo walioapa kwamba hajafa. Watengenezaji walileta waigaji waliojiita Bruce Li na Bruce Le, na kumtambua Bruce wa kweli kwa mwendo, kwa sauti na kwa jinsi anavyofuta pua kukawa mtihani wa kila kijana aliyejiita mjuzi. Swali la nani angempiga nani lilikuwa na jibu moja tu lenye ushahidi: katika The Way of the Dragon ya mwaka 1972, Bruce Lee anamuua Chuck Norris ndani ya Colosseum, mjini Roma, kisha anamfunika kwa vazi lake la mapambano. Mashabiki wa Norris walijibu kwamba yeye aliletwa kushindwa. Ni jibu la haki, nalo linaonyesha kwamba walielewa vizuri kuwa filamu hupangwa. Walioongeza Komando wa Arnold Schwarzenegger na Rambo katika mizani hiyo walipambana na tatizo jingine: bunduki na ngumi hazipimwi pamoja.

Deki za video zilipoenea katika miaka ya 1980, majumba makubwa yalianza kudhoofika na mahali pake pakachukuliwa na vibanda vya video, ambavyo Tanzania vilipata jina la vibanda umiza kwa joto na msongamano wake. Televisheni ilikuwapo Zanzibar tangu mwaka 1973, ila Tanzania Bara iliipata mwaka 1994 tu, hivyo kibanda kilikuwa na wateja wa uhakika. Humo ndani ubishi haukusubiri picha iishe. Ulifanyika papo hapo, kwa sauti, na baada ya muda ukapata bingwa wake: mtafsiri. Dar es Salaam ilimjua Kapteni Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu, aliyesimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, kwanza mbele ya watazamaji na baadaye katika mikanda iliyouzwa. Kenya ina DJ Afro, ambaye Kiswahili chake kimechanganyika na Sheng, na Kampala ina VJ Jingo kwa Kiganda. Wasimulizi hawa hawatafsiri neno kwa neno. Huwapa wahusika majina ya mitaani, huwaonya, huwacheka, hueleza kwa nini adui ana hasira. Wanafanya hadharani kazi ileile ya msimulizi wa barazani, na mashabiki wamegawanyika hata juu yao: wapo wanaoapa kwamba picha isiyosimuliwa haina ladha, na wapo wanaolalamika kwamba msimulizi ameifunika filamu kwa maneno.

Filamu za Tanzania, zilizokuja kuitwa Bongo Muvi, zilibadilisha tabia ya ubishi. Mchezaji hakuwa tena mtu wa Bombay au Hollywood. Aliweza kuonekana Sinza akinunua vocha. Steven Kanumba na Vincent Kigosi, maarufu Ray, walipitia kundi moja la Kaole lililoigiza katika televisheni, wakapanda pamoja, na mashabiki wakagawanyika kama wale wa soka wanavyogawanyika kati ya Simba na Yanga. Waliompenda Kanumba walisifu uwezo wake wa kulia na kubadilika, na hatua yake ya kuvuka mipaka hadi kucheza na Wanigeria, kama katika Devil Kingdom pamoja na Ramsey Nouah. Waliompenda Ray walisifu utulivu wake. Kanumba alipofariki tarehe 7 Aprili 2012 akiwa na umri wa miaka 28, umati mkubwa ulijaa Leaders Club kumuaga kabla ya kuzikwa Kinondoni, na walikuwemo waliokuwa wakimpinga kijiweni wiki iliyotangulia.

Ukaribu huo una gharama yake. Mchezaji anayecheza mama wa kambo mkatili husemwa vibaya sokoni kwa aliyoyatenda katika filamu, na maisha ya nyumbani ya waigizaji wa kike huchambuliwa kwa ukali ambao wanaume hawaupati. Hapa mila imepotoka, na inafaa isemwe wazi: hukumu iliyokuwa halali dhidi ya mtu wa kwenye pazia si halali dhidi ya binti wa watu. Waliosalimika ni wachekeshaji. Amri Athumani wa Tanga, yaani Mzee Majuto au King Majuto, aliyefariki Agosti 2018, alikuwa mmoja wa wachache ambao jina lao lilizima ubishi wote.

Siku hizi filamu moja yenye mwanzo na mwisho huitwa singo, ili kuitofautisha na sizoni, tamthilia yenye vipande vingi. Sizoni za Marekani, Korea na Uturuki huwekwa kwenye flashi dukani au huletwa na ving'amuzi, nyingine zikiwa zimeingizwa sauti za Kiswahili. Zimeleta adabu mpya. Zamani aliyeiona picha kwanza aliombwa aisimulie. Leo anaombwa anyamaze. Aliyefika kipande cha 12 haruhusiwi kumwambia aliye kwenye cha 5 nani amekufa, na kosa hilo, linaloitwa kummalizia mtu muvi, huweza kuwanunisha marafiki kwa siku kadhaa. Kwa hiyo kijiwe huuliza kwanza: mmefika wapi? Ubishi huanza baada ya wote kufikia kipande kimoja. Saluni za kike zinaifuata kanuni hii kwa nidhamu kuliko vijiwe vya wanaume, pengine kwa sababu tamthilia ndefu zimekuwa mali yao kwa muda mrefu zaidi.

Historia ya majumba ya sinema ya Tanzania imeandikwa, na mtafiti Laura Fair ameitolea kitabu kizima mwaka 2018. Tamasha la filamu la Zanzibar, ZIFF, limekuwa likiwakutanisha watengenezaji na watazamaji Ngome Kongwe tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Kinachopungua ni sauti za wabishi wenyewe. Waliotazama Awara ilipofika kwa mara ya kwanza ni wazee sana sasa, na wengi wamekwenda na hoja zao. Mwenye bibi au babu aliyekuwa akienda sinema Majestic, Avalon au Regal amketishe, awashe kinasa sauti cha simu, na amuulize stelingi wa Sholay alikuwa nani.