Ukipita Gatumba, simama kidogo

Wafanyabiashara wengi tunaipita Gatumba mbiombio, macho kwenye mzigo na foleni ya mpakani. Siku moja niliamua kutembea bila mzigo.

Nilianzia kwenye makaburi ya wakimbizi wa Kongo, wengi wao Banyamulenge. Zaidi ya watu 150 waliuawa kambini hapo usiku wa Agosti 13, 2004.

Kisha nikavuka daraja la Rusizi, mto uliofurika mwaka 2020 na kuwahamisha maelfu ya wakazi wa Gatumba. Mjini Bujumbura nilipita lilipokuwa soko kuu, lililoteketea Januari 2013, nikaenda kuketi ndani ya kanisa kuu la Regina Mundi. Kimya chake kilinirudisha makaburini.

Mwenzangu unayerejea nyumbani, wapo ambao hawakufika. Uwakumbuke.