Bando ikiisha, washa redio ya babu

Bando ikiisha usiku wewe hufanya nini? Mimi, tangu karo inishinde nikaacha chuo, huwasha redio aliyoniachia babu. Si FM, bro. Ni masafa mafupi: mawimbi hupaa, yakagonga ionosfia na kurudi chini maelfu ya kilomita mbali. Gizani, mita 49 ndiyo hushika poa. Chomoa chaja na uzime balbu za LED, zinaleta kelele, kisha tundika waya mrefu dirishani.

Unacheka? Vita vilipozuka Sudan 2023, BBC ilianzisha matangazo ya dharura ya Kiarabu kwa masafa haya haya.

Jana saa saba usiku nilishika kituo cha Kichina. Sijui walisema nini, lakini nimeandika saa na masafa kwenye daftari langu la chuo.