Boti ya Faiba: Uimara Usioonekana kwa Macho

Mtu atembeleaye leo fukwe za Bagamoyo, Kilwa au Mafia, au mialo ya Ziwa Viktoria, hukuta vyombo vya aina mbili vimelazwa ubavu kwa ubavu. Kuna mashua na mitumbwi ya mbao, kazi ya mafundi wa jadi; na kuna boti nyeupe zing'aazo, zisizo na maungio ya mbao wala misumari ya kuonekana, ambazo wavuvi huziita boti za faiba.

Nahodha mzoefu hukikagua chombo cha mbao kwa macho na kwa kisu. Hutazama kalafati iliyolegea, huchoma kisu penye ubao aushukao kuoza, hupapasa matundu ya wadudu walao mbao. Boti ya faiba haimpi fursa hiyo. Boti mbili zaweza kuwa na umbo moja, rangi moja na bei moja, lakini moja ikadumu miaka mingi, na nyingine ikapasuka katika mawimbi ya kusi ya kwanza. Tofauti yao imefichwa ndani ya ganda, nayo hutokana na vipimo alivyovifuata au alivyovipuuza fundi siku ya kuiunda. Katika makala hii tutaeleza boti ya namna hiyo huundwaje, hufungwaje mashine, na kwa nini mizani na saa ni zana muhimu kwa fundi wake kama vile tezo ilivyo kwa fundi wa jahazi.

Kioo na rezini

Faiba ni muungano wa vitu viwili ambavyo kila kimoja peke yake hakifai kuundia chombo. Cha kwanza ni nyuzi za kioo. Kioo kikiyeyushwa na kuvutwa kupitia matundu madogo sana, hutoa nyuzi nyembamba kuliko unywele wa mtu. Jambo la kustaajabisha ni kwamba kioo, ambacho tunakijua kwa kuvunjika kwake, kikiwa uzi mwembamba huwa na uwezo wa kustahimili mvuto kuzidi waya wa chuma cha kawaida wenye unene ule ule. Sababu ni kwamba kioo huvunjika kwa kuanzia katika nyufa ndogo zilizo juu yake; uzi mwembamba uliovutwa vizuri una nyufa chache na ndogo mno.

Cha pili ni rezini, ambayo aghalabu ni ya jamii ya poliesta iliyoyeyushwa katika kimiminika kiitwacho stirini. Kazi ya rezini ni kuzishika nyuzi zisiteleze, na kugawa mzigo kutoka uzi hadi uzi. Nyuzi ndizo zibebazo. Rezini ndiyo iunganishayo. Mwanafunzi akikumbuka sentensi hiyo moja ataelewa mengi yatakayofuata.

Kampuni ya Owens-Corning, iliyoundwa Marekani mwaka 1938, ndiyo iliyozieneza nyuzi hizi kibiashara, na katika miaka ya 1940 boti za kwanza za faiba zikaanza kuundwa huko.

Kuunda ganda

Jahazi huanza kwa mkuku, kisha mataruma na mbao. Boti ya faiba huanza upande wa nje na kuishia ndani. Kwanza hutengenezwa kiolezo, yaani sura kamili ya boti, mara nyingi kwa mbao. Juu ya kiolezo huundwa kalibu. Kalibu ikiisha kutolewa hung'arishwa na kupakwa nta mara kadhaa, ili ganda lisigandamane nayo. Kalibu moja yaweza kuzaa boti nyingi zilizo sawa.

Ndani ya kalibu hupakwa kwanza tabaka la rezini yenye rangi, lenye unene wa nusu milimita hivi, ambalo mafundi huliita jelikoti. Hilo ndilo ngozi ya boti. Huyazuia maji na jua. Baada yake huja mkeka wa nyuzi fupi zilizotawanywa ovyo, kisha kitambaa cha nyuzi ndefu zilizofumwa, kisha mkeka tena. Kila tabaka hulowanishwa kwa rezini na kusukumwa kwa rola ya chuma yenye mifereji mpaka viputo vyote vya hewa vitoke. Kiputo kilichobaki ni mahali pasipo na muungano; maji yakipenyeza humo, baada ya miaka ngozi ya boti hutoka malengelenge.

Fundi asiye na elimu hudhani kwamba rezini ikizidi boti huwa imara zaidi. Kinyume chake ndicho kweli. Rezini iliyozidi huongeza uzito, na kwa kuwa haina nyuzi za kuibebea mzigo, hupasuka upesi. Kwa mkeka, kioo hupasa kuwa kama asilimia 30 ya uzito wote. Tuchukue mkeka wenye gramu 450 kwa kila mita ya mraba, na ganda lenye eneo la mita za mraba 20. Kioo kitakuwa kilo 9. Uzito wote ni 9 gawanya kwa 0.3, yaani kilo 30. Hivyo rezini ni kilo 21. Tabaka hilo moja litakuwa na unene wa milimita moja tu. Fundi mwangalifu hupima kilo hizo kabla ya kuanza.

Saa ya kemia

Rezini katika pipa ni kimiminika. Ili igande huongezwa kichocheo, ambacho ni peroksaidi ya kioganiki, kwa kiasi cha asilimia 1 hadi 2 ya uzito wake. Kichocheo hufungua viungo vya molekuli, nazo molekuli ndefu za poliesta hufungamanishwa na stirini kama wavu. Wavu huo haurudi kuwa kimiminika tena, kama vile yai lililochemshwa lisivyorudi kuwa bichi. (Walimu watatambua kwamba kichocheo cha kweli hakiliwi na mmenyuko, hiki huliwa. Jina lake ni la mazoea ya mafundi.)

Kwa kilo 21 za rezini, asilimia 1 ni gramu 210. Kikiwa kidogo mno, wavu haukamiliki, na ganda hubaki laini hata likionekana kavu. Kikizidi, rezini hupata moto, huganda kabla ya viputo kutoka, na huwa na nyufa. Katika joto la pwani mmenyuko huenda mbio, basi hutumika kiasi cha chini katika mipaka aliyoiweka mtengenezaji, na kazi hufanywa asubuhi, kivulini. Rezini iliyochanganywa isiachwe ndooni: joto la mmenyuko halina pa kutokea, na ndoo yaweza kutoa moshi na hata kuwaka.

Hapa pana hatari tatu ambazo kila mwalimu apasa kuzitilia mkazo. Rezini nyingi huwa na kichapuzi cha kobalti; kichapuzi hicho na kichocheo visikutanishwe kamwe peke yao, kwani hulipuka. Kichocheo kikiingia machoni chaweza kupofusha. Miwani ya kinga ni lazima. Tena mvuke wa stirini ni mzito kuliko hewa na huweza kushika moto kwenye halijoto ya nyuzi 31 hivi za Selsiasi, halijoto ambayo Dar es Salaam na Mombasa huifikia mara kwa mara. Karakana iwe na hewa ya kutosha, na sigara ikae mbali.

Mataruma na kibao cha tezi

Faiba ni imara kwa kuvutwa, lakini hupindika kirahisi kuliko chuma. Kwa hiyo ganda tupu hupwaya likipigwa na mawimbi. Dawa yake ni kulitia mataruma ya urefu na ya upana, yakafunikwa kwa matabaka ya faiba hadi kuwa kitu kimoja na ganda.

Mahali pa kuangaliwa zaidi ni kibao cha tezi, ambapo mashine hufungwa. Hapo husukumwa boti nzima. Kwa kawaida huwekwa mbao za plaiwudi ya baharini katikati ya faiba. Kila tundu la boliti litobolewalo hapo hapana budi lizibwe vizuri. Maji yakiingia, mbao huoza ndani kwa ndani huku nje pakibaki peupe na pazuri.

Je, boti ya faiba huelea?

Wengi hudhani kwamba boti ya faiba haizami kwa sababu ni nyepesi. Wamekosea. Mbao huelea hata chombo kikijaa maji; faiba ina densiti ya 1.5 hivi, nayo huzama. Boti isiyo na povu la kuielesha, ikijaa maji, hushuka chini na kuwaacha watu bila cha kushika.

Tufanye hesabu kwa kanuni ya Archimedes. Ganda la kilo 300 lina ujazo wa lita 200. Likizama husukuma lita 200 za maji ya bahari, ambazo uzito wake ni kilo 205. Hivyo ganda lahitaji msaada wa kilo 95. Tuongeze mashine na vifaa kilo 60, na watu watano walioishikilia boti, kila mmoja kilo 15. Jumla ni kilo 230. Lita moja ya povu gumu la poliyurethani huinua karibu kilo moja. Basi zahitajika lita 230 za povu, na ziada ya usalama juu yake. Povu la polistirini lisitumike pasipo kinga, kwani stirini iliyomo katika rezini huliyeyusha.

Povu huwekwa chini ya viti na pembeni, juu kiasi, ili boti iliyojaa maji isipinduke. Muuzaji atakayeliacha ataokoa gharama; atakayelipa ni mvuvi.

Mashine na ngama

Mashine ya nje huuzwa kwa vimo maalumu vya kibao cha tezi, mathalani sentimita 38 na sentimita 51. Bamba dogo lililo juu ya rafadha, yaani propela, lapasa kuwa sawa na sakafu ya nje ya boti au chini yake kidogo. Likiwa juu mno, rafadha huvuta hewa na mashine hulia bila kusukuma.

Wahenga walisema, kuenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mvuke wa petroli nao una tabia hiyo: ni mzito kuliko hewa, hivyo huteremka na kujikusanya ngamani, ukingojea cheche. Tangi lifungwe imara, mipira ya mafuta ikaguliwe, na betri iwe mbali. Kamba ya kuzimia mashine ifungwe mwilini mwa nahodha kila safari, ili akianguka baharini mashine izime mara moja.

Jinsi ya kuufichua ukweli

Je, mnunuzi hana la kufanya? Analo. Kwanza, apime uzito wa boti na kuulinganisha na nyingine za kalibu ile ile. Pili, agonge ganda kwa sarafu: sauti kavu huashiria muungano mzuri, sauti butu huashiria matabaka yaliyoachana. Tatu, aombe kipande kilichokatwa wakati wa kutoboa tundu la kutolea maji. Katika maabara, chini ya chemba ya kutolea moshi, kipande hicho huchomwa katika tanuri kwenye halijoto ya nyuzi 565 hivi za Selsiasi. Rezini huungua yote, kioo hubaki. Kipande cha gramu 50 cha mkeka kikiacha gramu 15, kina asilimia 30 ya kioo. Kikiacha gramu 10 tu, fundi aliuza rezini mahali pa nyuzi.

Wanafunzi watazame jambo hilo kwa makini. Mizani ile ile waitumiayo shuleni yaweza kusema yale ambayo rangi nyeupe imeyaficha, tena kabla boti haijapata kupita bandari.