Mashine ya Fundi Isipowaka: Kukagua Soketi ya Uchunguzi katika Pikapu ya Zamani

Mwenye pikapu ya miaka mingi huipeleka gereji kwa sababu taa ya injini inawaka kwenye dashibodi. Fundi huchomeka mashine ya kusomea hitilafu kwenye soketi iliyo chini ya usukani, lakini mashine haiwaki kabisa. Pengine mteja huambiwa papo hapo kwamba kompyuta ya gari imekufa na sharti inunuliwe nyingine. Tunamsihi mteja asikubali gharama hiyo kabla ya ukaguzi ufuatao kufanyika, kwa kuwa huenda kilichoharibika ni fyuzi tu.

Soketi hiyo hupata umeme kutoka kwenye betri kupitia fyuzi, wala haiutegemei umeme wa kompyuta. Tangu magari ya mwaka 1996, sheria za Marekani zimezitaka pikapu ndogo ziwe na soketi ya namna moja yenye pini 16. Pini ya 16 huleta umeme wa betri wakati wote, hata ufunguo ukiwa umetolewa. Pini ya 4 na ya 5 zimeunganishwa na upande hasi. Aidha, ikiwa injini inawaka na gari linatembea, hiyo ni dalili kwamba kompyuta haijafa.

Kwanza, mashine ijaribiwe kwenye gari jingine ili kuhakikisha kwamba ni nzima.

Pili, kijaribiwe kiwashio cha sigara. Katika pikapu nyingi za zamani, kiwashio na soketi hutumia fyuzi moja. Vyote viwili vikiwa havina umeme, fyuzi hiyo ndiyo ya kutazamwa mwanzo. Nafasi yake huonyeshwa katika kitabu cha gari au kwenye kifuniko cha sanduku la fyuzi.

Tatu, fyuzi iliyoungua ibadilishwe kwa nyingine yenye ampea zilezile. Kuweka fyuzi kubwa zaidi au kuunga kwa kipande cha waya kunaweza kuunguza nyaya na kuwasha moto. Fyuzi mpya nayo ikiungua, kuna mahali nyaya zinagusana: kitazamwe kiwashio, ambamo sarafu huweza kudondokea, pamoja na nyaya za redio au kengele ya wizi zilizoongezwa baadaye.

Nne, fyuzi ikiwa nzima, fundi apime kwa mita kati ya pini ya 16 na ya 4, kisha kati ya ya 16 na ya 5. Mita ionyeshe takriban volti 12. Isipoonyesha, apime pini ya 16 na chuma kitupu cha bodi. Umeme ukionekana hapo, kasoro iko kwenye waya wa upande hasi, ambao huenda umekatika au umeshika kutu. Pini zilizopinda au kuzama ndani nazo zikaguliwe.

Volti zikiwa kamili na mashine ikawaka bila kusoma chochote, hilo ni tatizo la nyaya za mawasiliano au la kompyuta yenyewe, na uchunguzi zaidi una haki ya kulipiwa.

Kabla ya kuidhinisha kompyuta mpya, mteja aombe matokeo ya vipimo hivi kwa maandishi pamoja na makadirio ya gharama, na adai kurudishiwa kifaa kilichotolewa. Fundi aliyepima kweli hatashindwa kuonyesha alichokiona.