MUZIKI WA KUTULIZA: UMWULIZE NANI, NA UMWULIZE NINI?

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa nyani haoni kundule. Mtungaji wa muziki naye hazioni kasoro za kazi yake. Mimi niliyafahamu hayo hapa kwetu Mahoo, Taveta, wakati wa likizo ya Agosti.

Tangu babu azikwe, nyanya alikuwa hapati usingizi. Usiku kucha ungemsikia akigeukageuka kitandani. Nikaazimia kumtungia muziki wa filimbi, usio na maneno, kwani maneno yangemkumbusha mengi. Ala tupu si jambo geni: hata taarab ya Unguja hufunguliwa kwa bashraf, muziki usio na mwimbaji.

Nilipomaliza kutunga, niliwapigia rafiki zangu chini ya migomba.

"Ni nzuri?" nikawauliza.

"Poa sana!" wakajibu. Nikavimba kichwa.

Usiku nikampigia nyanya. Nilipofika katikati, hamadi! Akafumbua macho.

"Mjukuu wangu, hapo unanibembeleza au unaniita?"

Shule zilipofunguliwa, mwalimu wa muziki alinieleza kuwa nilikosea mara mbili. Kosa la kwanza lilikuwa la utunzi. Moyo wa mtu mzima aliyepumzika hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika. Muziki wa kutuliza haufai kuukimbiza moyo huo. Mapigo 60 hivi kwa dakika yanatosha. Sauti zipande na kushuka hatua kwa hatua. Kipande kimoja kirudiwerudiwe, ili msikilizaji ajue kinachofuata. Mwishowe sauti irudi nyumbani, kwenye do. Mimi niliruka ghafla kutoka do ya chini hadi do ya juu! Isitoshe, filimbi huhitaji pumzi zaidi kwa sauti za juu, kwa hivyo hapo ililia kwa nguvu.

Kosa la pili lilikuwa la kuuliza. Ukimwuliza rafiki, "Ni nzuri?" atakwambia nini zaidi ya ndiyo? Muulize hivi: Ulishtuka wapi? Ulichoka wapi? Ulitamani niishie wapi? Aidha, mtafute yule uliyemtungia. Mwimbaji hodari atakusahihisha noti, lakini asiyepata usingizi ndiye atakayejua kama muziki unatuliza. Hata katika Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka wa 1927, mwamuzi hatoi alama tu, hutoa na maoni. Alama husahaulika, maoni ndiyo hurekebisha kazi.

Basi nikauondoa ule mruko, nikapunguza mwendo, nikarudia kipande cha mwanzo mara tatu. Likizo ya Desemba nikampigia nyanya tena. Nilipomaliza nikangoja maoni yake. Kimya. Kumbe anakoroma!

Asubuhi alinilaumu eti sikumpigia mpaka mwisho.