Makunduchi: Pwani Yenye Lahaja Yake

Makunduchi, ambayo wenyeji huiita pia Kae, iko kusini-mashariki mwa kisiwa cha Unguja, Zanzibar, na watu wake huzungumza Kikae, lahaja ya Kiswahili yenye msamiati na sarufi ambavyo humlazimu hata mgeni aliyezoea Kiswahili cha vitabuni kutega sikio. Mwaka 1928 Kiunguja, lahaja ya Mji wa Zanzibar, kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na tangu hapo shule na ofisi zikafuata lahaja hiyo ya jirani, huku Kikae kikiendelea kutumika majumbani, mashambani na baharini.

Wavuvi na wakulima wa pwani hii wamerithi kalenda ya jua ya siku 365, inayogawanywa kwa miongo, yaani mafungu ya siku kumi kumi, na kwa kuwa haina mwaka mrefu, siku ya mwaka mpya husogea polepole na sasa huangukia mwezi wa Julai. Siku hiyo hufanyika Mwaka Kogwa, sherehe yenye asili ya Nairuzi ya Uajemi, ambapo wanaume wa pande mbili hupigana kwa mabua ya migomba ili kumaliza chuki za mwaka uliopita, kibanda cha makuti huchomwa moto, wanawake huimba, na mgeni hukaribishwa kula katika nyumba yoyote.

Tangu mwaka 1989, kilimo cha mwani kilipoanza katika vijiji jirani vya Paje na Jambiani, wanawake wa pwani hiyo wamepata pia shamba ndani ya bahari: wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali, huingia kufunga vipande vya mwani kwenye kamba zilizotandazwa kati ya vigingi.

Kuhusu lahaja yenyewe, mwandishi Haji Chum alichapisha Msamiati wa Pekee wa Kikae mwaka 1994, kazi yenye thamani kubwa, lakini maandishi na sheria pekee havitoshi kuiweka lugha hai. Kwa mfano, nchini Ayalandi, ambako katiba ya 1937 ilikifanya Kiayalandi kuwa lugha rasmi ya kwanza, lugha hiyo husikika kila siku hasa katika vijiji vichache, vingi vikiwa pwani ya magharibi. Kwa mzazi wa Makomeno, mtaa wa mji wa Lubumbashi nchini Kongo, ambaye Kiswahili chake cha Lubumbashi kilikomaa katika kambi za wafanyakazi wa migodi na ambaye mtoto wake husoma kwa Kifaransa, funzo ni kwamba usemi wa nyumbani haushindani na lugha ya shule, bali huhitaji kupewa shughuli, sherehe na heshima yake.